Kuta za Zamani, Rafu Mpya: Jinsi Kanisa la Matengenezo Lilivyopata Nafasi ya Vitabu

Katika vyuo vyetu vya theolojia suala la maktaba huletwa mbele ya halmashauri likiwa karibu sikuzote katika sura ile ile: vitabu vimezidi, chumba kimejaa, na fedha za kujenga jengo jipya hazipo. Kutoka hapo mazungumzo huelekea kwa wafadhili. Barua huandikwa, michoro huchorwa, miaka hupita, na vitabu huendelea kukaa ndani ya maboksi chini ya ngazi, ambako mchwa huvisoma kuliko wanafunzi.

Shida hii si ngeni, wala haikuanza Afrika. Kanisa la Matengenezo lilizaliwa katika kizazi kile kile ambacho mashine ya kupiga chapa ilikuwa inajaza vyumba vya vitabu kupita uwezo wake, na mara nyingi lilitakiwa kutafuta nafasi ya vitabu hivyo wakati hazina zilikuwa tupu. Katika makala haya tunapitia mifano michache ya Ujerumani na Uingereza, kuanzia karne ya 16 hadi ya 18. Tutaona kwamba mara nyingi ufumbuzi haukuwa mawe mapya bali matumizi mapya ya kuta zilizokuwapo. Tutaona pia jambo ambalo halisemwi sana katika vikao vyetu: kwamba mbao za rafu ziligharimu kidogo, lakini uamuzi wa kitu gani kitupwe uligharimu sana.

Waraka wa mwaka 1524

Mapema mwaka 1524 Martin Luther aliandika waraka kwa madiwani wa miji yote ya Ujerumani, akiwahimiza kuanzisha na kutunza shule za Kikristo. Karibu na mwisho wa waraka huo anazungumzia maktaba. Anawataka madiwani, hasa wa miji mikubwa yenye uwezo, wasihurumie fedha wala taabu katika kupata maktaba nzuri au nyumba za vitabu. Sehemu hii hunukuliwa mara kwa mara, nasi tumeisikia zaidi ya mara moja katika hotuba za kuweka jiwe la msingi.

Sehemu inayofuata hunukuliwa kwa nadra. Luther anasema hakusudii wakusanye kila kitabu bila kuchagua, kwa kutazama wingi tu. Yeye angeviondoa vitabu vya ufafanuzi wa wanasheria, vitabu vya Sentensi vya wanatheolojia, maswali ya wanafalsafa na mahubiri ya watawa, na anavitaja kwa lugha kali ambayo hatuna haja ya kuirudia hapa. Badala yake anataka Maandiko Matakatifu katika Kilatini, Kiyunani, Kiebrania na Kijerumani. Wafafanuzi bora na wa kale zaidi. Vitabu vya kujifunzia lugha, wakiwamo washairi na wasemaji, wawe wapagani au Wakristo. Vitabu vya elimu mbalimbali, vya sheria na vya uganga. Na zaidi ya yote vitabu vya historia. Kwa hiyo waraka ule ulikuwa pia orodha ya kupanga chumba: nini kiingie, nini kitoke. Tutarudi kwenye neno hilo la kutoka.

Chumba cha zamani kilivyofanya kazi

Ili tuelewe kazi iliyowakabili watu wa karne ile, yafaa kwanza tuone jinsi chumba cha vitabu cha zama za kati kilivyokuwa. Kwa kawaida kilikuwa chumba kirefu na chembamba, mara nyingi cha ghorofani, ili vitabu viwe mbali na unyevu wa ardhi. Vitabu vililazwa juu ya meza zenye mteremko, mfano wa mimbari ya kusomea Injili, vikiwa vimefungwa kwa minyororo kwenye fimbo ya chuma. Msomaji alikwenda kwenye kitabu. Kitabu hakikumfuata msomaji. Taa na mishumaa viliogopwa kwa sababu ya moto, hivyo mwanga wote ulitoka madirishani, na dirisha liliwekwa katika kila nafasi kati ya meza na meza. Upana wa meza, umbali wa madirisha na idadi ya vitabu vilikuwa kipimo kimoja.

Mpango huu ulifaa pale ambapo nyumba ilikuwa na mamia machache ya vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, kwamba kitabu kilicholazwa hula nafasi nyingi. Vitabu vya chapa vilipoanza kumiminika meza zilijaa upesi, na hapakuwa na njia ya kuongeza meza bila kuziba madirisha. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa kiseremala tu: kusimamisha rafu juu ya meza na kukisimamisha kitabu wima. Katika nafasi ile ile ya sakafu, kati ya madirisha yale yale, vitabu viliongezeka mara kadhaa. Hatujui uvumbuzi mwingine katika historia ya maktaba uliozaa nafasi nyingi kiasi hicho kwa mbao chache.

Nyumba za watawa zapata kazi nyingine

Mji wa Braunschweig ulipolipokea Matengenezo mwaka 1528, Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, ndiye aliyeuandikia utaratibu wa kanisa. Karibu na Kanisa la Mtakatifu Andrea palikuwa na jengo dogo la matofali, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 15 kwa ajili ya vitabu. Bugenhagen hakuagiza lingine. Alitaka lile lililokuwapo litunzwe na vitabu vyema viongezwe humo. Jengo hilo lingalipo hadi leo, dogo kuliko vyumba vingi vya madarasa yetu. Mwaka uliofuata, huko Hamburg, Bugenhagen huyo huyo aliifungua shule ya Kilatini katika nyumba iliyokuwa ya watawa wa Mtakatifu Yohana. Mtindo ukawa ndio huo: nyumba iliyobaki tupu kwa sababu ya Matengenezo iligeuzwa kuwa shule, na penye shule vitabu vilihitajika.

Mfano ulio wazi zaidi ni Jena. Mwaka 1512 Frederick mwenye Hekima, mtawala wa Saxony, alianzisha maktaba katika ngome yake ya Wittenberg kwa manufaa ya chuo kikuu, na Georg Spalatin akawekwa kuisimamia. Luther na Melanchthon waliitumia. Lakini tarehe 24 Aprili 1547 Johann Friedrich alishindwa vitani huko Mühlberg, akapoteza cheo chake pamoja na Wittenberg yenyewe. Vitabu vilihesabiwa kuwa mali ya jamaa yake, vikapelekwa Weimar, na mwaka 1549 vikafika Jena, ambako shule ya juu ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla katika nyumba iliyokuwa ya watawa Wadominiko. Mwaka 1558 shule hiyo ikawa chuo kikuu. Hivyo maktaba ya Wittenberg, ambayo ilikuwa fahari ya mtawala tajiri, iliendelea kuishi ndani ya vyumba vilivyoachwa na watawa, chini ya mtawala aliyeshindwa vita. Kama wangengoja kujenga kwanza, twaweza kudhani vitabu vile vingetawanyika.

Hatupendi kulisifu jambo hili kupita kiasi. Nyumba hizo zilipatikana kwa bei nafuu kwa sababu watu wengine waliondoka humo, baadhi yao kwa hiari na baadhi bila hiari, na wao pia walikuwa na vitabu.

Oxford: chumba kilichobaki kuta

Hasara hiyo yaonekana vizuri katika Uingereza. Huko Oxford, juu ya Shule ya Theolojia, palikuwa na chumba kilichokamilika mwaka 1488 kwa ajili ya miswada zaidi ya 280 iliyotolewa na Humphrey, Mtemi wa Gloucester. Mwaka 1550 makamishna wa Mfalme Edward VI walifika kukisafisha chuo kikuu na mabaki ya dini ya zamani, na karibu vitabu vyote vikatoweka. Mwaka 1556 hata meza zikauzwa. Kwa zaidi ya miaka arobaini wanachuo walipita chini ya chumba kilichokuwa na kuta, paa na madirisha, bila kitabu hata kimoja.

Mwaka 1598 Thomas Bodley, aliyekuwa balozi wa Malkia Elizabeth, aliandika barua kwa chuo akijitolea kukirudisha chumba hicho katika kazi yake. Bodley hakuwa maskini. Alimwoa mjane wa mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuuza samaki wadogo wa jamii ya dagaa, na yafaa wanafunzi wetu wa kando ya ziwa wajue kwamba mojawapo ya maktaba mashuhuri duniani ilisimama kwa msaada wa dagaa. Hata hivyo, kilichotuvuta sisi si mali yake bali utaratibu wake. Hakuanza na vitabu, alianza na samani. Aliacha mpango wa meza za mteremko, akaweka rafu za kusimama kati ya madirisha yale yale ya zamani. Kisha akatengeneza daftari kubwa la majina ya wafadhili na kuliweka mahali ambapo kila mgeni angeliona, naye mgeni aliyeona jina la jirani yake alipata shida kuondoka bila kutoa. Maktaba ilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1602 ikiwa na vitabu kama 2,000. Mwaka 1605 orodha ya vitabu ikapigwa chapa, na mwaka 1610 akapatana na Chama cha Wachapaji wa London kwamba nakala moja ya kila kitabu chao iletwe bure.

Mpangilio huu watufundisha kitu kuhusu bajeti. Samani zilitangulia, orodha ikafuata, na njia ya kupata vitabu bila kununua ikawekwa mapema. Wengi wetu huanza kinyume: tunapokea kontena la vitabu, ndipo tunaanza kutafuta rafu.

Profesa wa Injili aliyechunguza mbao

Jina la Burnett Hillman Streeter linajulikana kwa kila mwanafunzi aliyefanya mtihani wa Agano Jipya. Ndiye aliyetetea vyanzo vinne vya Injili katika kitabu chake cha mwaka 1924. Ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1931 alitoa kitabu kingine, kuhusu maktaba za minyororo.

Streeter alikuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Hereford. Vitabu vya kanisa hilo vilihamishiwa katika Kikanisa cha Bikira Maria mwaka 1590, na mwaka 1611 vikatengenezewa makabati mapya kwa juhudi za Thomas Thornton, kanoni aliyekuwa amepata kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Oxford na aliyeijua kazi ya Bodley. Kikanisa hakikujengwa upya. Kilipewa kazi ya pili. Katika miaka ya 1840, wakati wa matengenezo ya jengo, makabati yaliondolewa, na mpangilio wake ukavurugika. Streeter alichunguza mbao na vyuma vilivyobaki kwa njia ile ile aliyochunguza Marko na Luka, akiuliza kipande kipi ni cha kwanza na kipi kimeongezwa baadaye, na katika miaka ya 1930 samani ile ikarudishwa katika umbo lake. Tangu mwaka 1996 imekaa katika jengo jipya kando ya kanisa, ikiwa na miswada 229 ya zama za kati.

Mgeni anayeingia humo hushangaa kuona vitabu vimegeuzwa, migongo ndani na kurasa nje. Sababu yake ni mnyororo. Ulifungwa kwenye ukingo wa mbele wa jalada. Kama mgongo ungetazama nje, mnyororo ungejizungusha kitabu kila kilipotolewa. Kwa kuwa majina ya vitabu hayakuonekana, orodha ilibandikwa mwishoni mwa kila kabati. Mnyororo uliokoa kitabu na wezi, lakini ulihitaji chuma, meza na benchi kwa kila kabati, yaani nafasi. Minyororo ilipoanza kuachwa katika karne ya 18, rafu ziliweza kusogezwa na benchi kuondolewa. Kuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya imani tuliyo nayo kwa wasomaji na idadi ya vitabu vinavyoingia chumbani. Chuo kinachofungia nusu ya vitabu vyake katika ofisi ya mkuu kina minyororo pia.

Halle: taler nne na groschen kumi na sita

Mwaka 1695 August Hermann Francke, mchungaji wa Glaucha nje ya mji wa Halle, alikuta katika sanduku la sadaka nyumbani kwake taler 4 na groschen 16. Aliona ni fedha za kutosha kuanzisha kitu, akanunua vitabu, akafungua shule ya watoto maskini. Mwaka 1698 aliweka msingi wa nyumba ya yatima, na maktaba nayo ilianza mwaka huo. Kwa miaka karibu thelathini vitabu vilikua bila jengo lao wenyewe. Nyumba pekee kwa ajili ya maktaba ilijengwa kati ya 1726 na 1728, na Francke alifariki mwezi Juni 1727 kabla haijakamilika.

Chumba chake kingali kama kilivyokuwa. Rafu hazikupangwa kuzunguka kuta kwa fahari kama katika majumba ya wafalme wa wakati ule. Zinatokeza kutoka pande mbili, moja nyuma ya nyingine, mfano wa mapazia ya pembeni katika jukwaa la maigizo, na katikati imeachwa njia. Mpango huu hutumia kila rafu kwa pande zake zote mbili na huacha mwanga wa madirisha upite. Kimsingi ni mpango ule ule wa zamani wa rafu kati ya madirisha, bila minyororo wala mabenchi.

Kutoka Halle walipelekwa wamisionari Tranquebar, India Kusini, kuanzia mwaka 1706. Bartholomäus Ziegenbalg, mmoja wa wale wawili wa kwanza, alikusanya huko vitabu vya Kitamil vilivyoandikwa kwenye majani ya mtende, na mwaka 1708 akaandika orodha yake yenye maelezo. Vingi vya vitabu hivyo vilikuwa vya dini ambayo alikuja kuihubiria toba. Aliviorodhesha, hakuvichoma. Chama cha Misioni cha Leipzig, kilichofika Kilimanjaro mwaka 1893, ndicho kilichorithi kazi ya Tranquebar, kwa hiyo orodha ile si habari ya mbali kwetu.

Mambo ya kwetu

Si kila walichofanya chatufaa. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, alifundisha kwamba chumba cha vitabu kielekee mashariki, kipate mwanga wa asubuhi na kiepuke pepo zenye unyevu. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huingia chini kabisa kupitia madirisha ya mashariki na magharibi na kuunguza migongo ya vitabu, ambapo madirisha ya kaskazini na kusini, yakiwa na paa lililotokeza, hutoa mwanga mwororo karibu mwaka mzima. Bweni au darasa lenye madirisha ya namna hiyo lafaa zaidi kugeuzwa maktaba kuliko ukumbi mzuri unaotazama machweo. Vilevile ghorofa, iliyowafaa wao kwa sababu ya unyevu, yataka hadhari: mita moja ya rafu iliyojaa vitabu huweza kufikia kilo 30, na sakafu ya mbao ya nyumba ya zamani ya misioni haikupigiwa hesabu hiyo. Rafu zisigusane na ukuta, ili hewa ipite na njia ya mchwa ionekane mapema. Haya fundi wa kawaida ayaweza.

Kinachobaki ni lile neno la Luther la kuondoa. Chumba kidogo hakina budi kuondolewa vitabu mara kwa mara, na aliyeyaandika maneno ya 1524 hakukosea kusema kwamba wingi si utajiri. Lakini waliomfuata hawakuchagua kwa uangalifu kila mara. Katika Ujerumani na nchi za Skandinavia kurasa za ngozi za vitabu vya ibada zilikatwa na kufanywa majalada ya daftari za kodi. Ndipo akatokea Matthias Flacius, mzaliwa wa Istria, mwalimu wa Kiebrania wa Wittenberg na baadaye profesa katika chuo kile cha Jena, akitaka kuthibitisha kwamba mafundisho ya Injili yalikuwa na mashahidi katika kila karne. Ili kufanya hivyo alihitaji hasa vile vilivyokuwa vinatupwa, yaani hati za watawa, mahubiri ya zamani, liturgia zilizopitwa na wakati. Msaidizi wake Marcus Wagner alisafiri nchi mbalimbali kuvitafuta. Mwaka 1556, mwaka ule ule meza za Oxford zilipouzwa, Flacius alichapisha huko Basel orodha yake ya mashahidi wa kweli, na kati ya 1559 na 1574 ikatoka historia kubwa ya Kanisa iliyopangwa kwa karne, ile ya Magdeburg. Maadui zake walidai kwamba alitembea na kisu cha kukatia kurasa katika maktaba za watu. Hata kama madai hayo yalikuwa uzushi, yaonyesha jinsi mali hiyo ilivyokuwa imeachwa bila mlinzi.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba kila halmashauri inayopanga upya chumba cha vitabu iandike kwanza daftari la vitakavyotoka, likiwa na jina la kitabu, mwaka, sababu na mahali kinapopelekwa, kabla fundi hajaitwa kupima rafu. Na kwamba kumbukumbu za sharika, tenzi za zamani, katekisimu za lugha za makabila na hotuba zilizopigwa taipu zisiingie katika daftari hilo bila idhini ya mwalimu wa historia ya Kanisa. Karatasi hizo hazina thamani sokoni. Flacius alifariki mwaka 1575 akiwa mkimbizi huko Frankfurt. Mwaka 1597 mtawala Heinrich Julius alivinunua vitabu vyake kutoka kwa mjane wake, navyo hadi leo vimo Wolfenbüttel, ambako watafiti wa zama za kati bado huviagiza mezani.